Schrade, Camillus, Case au Remington: Uanze Wapi Kukusanya Visu vya Kukunja vya Marekani Vilivyoachwa Kutengenezwa?

Mezani kwangu kuna visu viwili vya kukunja ambavyo mtu asiyevizoea angeapa kuwa ni pacha. Vyote viwili vina mpini wa kahawia uliochorwa mistari mifupi kama iliyokatwa kwa msumeno, mabapa matatu, na ngao ndogo ya chuma yenye jina Old Timer. Tofauti iko mahali ambapo jicho haliendi lenyewe, nako ni kwenye shina la bapa, yaani ile sehemu nene isiyo na makali inayoingia mpinini. Shina la kisu cha kwanza limepigwa mhuri wenye maneno SCHRADE, U.S.A. na 34OT. La kisu cha pili halina U.S.A. popote. Cha kwanza kilitoka Ellenville, katika jimbo la New York, kabla kiwanda hakijafungwa mwezi Julai 2004. Cha pili kilitengenezwa China baada ya jina kuuzwa. Nilikinunua hicho cha pili kwa bei ya kile cha kwanza, kwa kuwa muuzaji alituma picha za mpini tu, nami sikuomba picha ya shina.

Tangu hapo, kila ninapoulizwa na mtu anayetaka kuanza kukusanya visu vya kukunja vya Marekani achague jina gani, huanza kwa kueleza namna kila jina lilivyokoma, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mengine karibu yote: utapata wapi kisu, utajuaje umri wake, na nani anaweza kukudanganya. Nimechagua majina manne yanayowachanganya wanaoanza. Yapo mengine yenye heshima kubwa, kama Queen ya Titusville, Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1922 na kufunga milango mwaka 2018, lakini aliyeyaelewa haya manne atayasoma hayo mengine bila shida.

## Namna nne za kuachwa kutengenezwa

Schrade ilianzishwa mwaka 1904 na George Schrade na ndugu zake katika mji wa Walden, New York. Mwaka 1946 ilinunuliwa na kundi la Albert Baer, aliyekuwa tayari na kiwanda cha Ulster huko Ellenville, na baadaye kazi ikahamia mji huo. Mwaka 1959 kisu cha kwanza cha Old Timer kikatoka. Ile safu nyingine, Uncle Henry, ilipewa jina la Henry Baer, ndugu yake Albert. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2004, majina hayo yalinunuliwa na kampuni ya Taylor ya Tennessee, na visu vikaendelea kuuzwa kwa majina na namba zilezile vikitoka China. Hapa, basi, kilichokufa ni kiwanda, ilhali jina lingali sokoni.

Camillus ilikuwa katika kijiji cha Camillus karibu na Syracuse, New York. Adolf Kastor alikinunua kiwanda hicho mwaka 1902, na kwa zaidi ya karne moja kilitengeneza visu kwa jina lake na kwa majina ya wengine wengi, na vilevile kwa jeshi la Marekani. Kilifungwa mwaka 2007 kwa kufilisika, na majina yake yakaenda kwa kampuni ya Acme United.

Case, kwa jina kamili W. R. Case & Sons, haijafa. Kiwanda chake cha Bradford, Pennsylvania, kinafanya kazi hadi leo, na tangu mwaka 1993 kinamilikiwa na Zippo, kampuni ya viberiti vya chuma. Kinachoachwa kutengenezwa ni umbo fulani la kisu, mpini wa aina fulani au mhuri wa miaka fulani.

Remington nayo, kampuni ya bunduki na risasi, iliingia katika visu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipobaki na mitambo na wafanyakazi wasio na kazi ya vita huko Bridgeport, Connecticut. Visu vyake vya kukunja vilianza kutoka mwaka 1920, na mwaka 1940 idara hiyo iliuzwa kwa kampuni ya PAL. Ilikuwa miaka 20 tu, na hakuna kisu kitakachoongezeka katika vile vilivyobaki.

## Vigezo ninavyotumia

Nitayapima majina haya kwa mambo matano: upatikanaji na gharama; urahisi wa kujua umri wa kisu; hatari ya kughushiwa; feleji na mpini, pamoja na jinsi vinavyostahimili hali ya hewa; na iwapo kisu kinaweza kutumika au kinafaa kutazamwa tu. Sijaweka kigezo cha faida. Anayenunua visu hivi akitarajia kuviuza kwa bei kubwa kesho anafanya kazi nyingine isiyo kukusanya, na vigezo vyake ni vingine.

## Upatikanaji na gharama

Old Timer na Uncle Henry za Ellenville zilitengenezwa kwa wingi mno na kuuzwa katika maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi na vya uwindaji, kwa hiyo bado zimejaa kwenye minada ya mtandaoni, katika masoko ya vitu vya mitumba na kwenye droo za wazee. Kisu kilichotumika lakini kizima hakikuachi na deni. Bei hupanda kwa kilicho ndani ya boksi lake la asili pamoja na karatasi zake. Kwa Uncle Henry karatasi hizo huvutia zaidi, kwa kuwa mnunuzi aliahidiwa kupewa kisu kingine endapo angekipoteza katika mwaka wa kwanza.

Camillus za kijeshi nazo hupatikana kwa urahisi. Kisu kinachotafutwa zaidi na wanaoanza ni kile chenye mpini wa chuma kitupu ulioandikwa U.S., kilichotolewa kwa askari kama kifaa cha kazi: bapa moja la kukatia, kifungua kopo, kifungua chupa chenye ncha ya bisibisi, na msharasi wa kutobolea. Vilitolewa kwa wingi kwa miongo kadhaa. Zile za Vita vya Pili vya Dunia ni ghali kuliko za miaka ya 1980, lakini hata hizo hazijatoka nje ya uwezo wa mtu wa kipato cha kawaida mwenye subira.

Kwa Case mambo ni mapana mno. Kisu cha miaka ya 1980 chenye mpini wa mfupa kinaweza kupatikana kwa bei isiyo mbali sana na ya kisu kipya cha kiwanda hichohicho, ilhali kisu cha umbo lilelile chenye mhuri wa kabla ya mwaka 1940 kinaweza kudai mara nyingi zaidi ya hapo. Wakusanyaji wa Case ni wengi na wanajuana, kwa hiyo bei zake hazibahatishwi. Si rahisi kumkuta muuzaji asiyejua anachokishika.

Remington ndizo adimu na za gharama kubwa kuliko zote nne, hasa zile zenye ngao yenye umbo la risasi mpinini. Kisu cha kawaida cha Remington kilichochakaa kinapatikana bado, lakini cha risasi chenye mabapa kamili ni ununuzi wa kupanga, tena wa kuombea ushauri.

## Kusoma umri wa kisu

Hapa ndipo Case huwaacha wenzake mbali, na ndiyo sababu watu wengi huipenda. Kuanzia takriban mwaka 1940 hadi 1964 mhuri wake ulisomeka CASE XX. Kuanzia 1965 likaongezwa neno U.S.A.; mwaka 1970 zikaongezwa nukta kumi chini ya maandishi, na kila mwaka nukta moja ikaondolewa. Kisu chenye nukta kumi ni cha 1970, chenye tisa ni cha 1971, na kadhalika hadi nukta moja ya 1979. Mwaka 1980 nukta kumi zilirudi, safari hii zikiandamana na herufi S zilizopindwa mithili ya radi, nazo zikapungua vivyo hivyo hadi 1989. Mtu mwenye kioo cha kukuzia na uwezo wa kuhesabu hadi kumi anaweza kutaja mwaka wa kisu bila kumwuliza mtu.

Case pia iliandika namba ya umbo kwa utaratibu unaosomeka. Chukua 6254. Tarakimu ya kwanza hueleza mpini, na 6 ni mfupa uliochongwa vishimo. Ya pili ni idadi ya mabapa, hapa mawili. Na 54 ni umbo lenyewe, kisu kirefu cha mtega wanyama, chenye urefu wa takriban sentimita 10.5 kikiwa kimefungwa. Kikiandikwa 5254, ni umbo lilelile lenye mpini wa pembe ya kulungu. Kikiandikwa 3254, mpini ni wa manjano. Kwa hiyo mpini wa mfupa juu ya kisu kilichopigwa 3254 ni mpini uliobadilishwa, hata kama umefanywa vizuri kiasi gani.

Camillus za kijeshi ni rahisi zaidi kwa namna moja: nyingi, hasa za kuanzia miaka ya 1960, zina mwaka wenyewe kwenye shina chini ya jina. Camillus za kiraia hazina mwaka, na inabidi mtu ajifunze mpangilio wa mistari ya mhuri: ule wa zamani wenye jina la kampuni kwa kirefu pamoja na mji, na ule wa baadaye uliofupishwa.

Schrade haikuandika mwaka katika visu vyake vya kawaida. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kipindi. Mhuri wenye SCHRADE WALDEN ni wa kabla ya katikati ya miaka ya 1970. SCHRADE peke yake pamoja na U.S.A. ni wa baada ya hapo hadi 2004. Alama ya kujumlisha baada ya jina huonyesha feleji isiyoshika kutu. Anayetaka kisu cha mwaka aliozaliwa hatatosheka hapa.

Remington haina haja ya mwaka, kwa kuwa kipindi chote ni miaka 20. Namba yake huanza na herufi R, na tarakimu ya mwisho ndiyo hueleza mpini: 3 ni mfupa, 4 ni gamba la chaza, 5 ni seluloidi, 6 ni pembe ya kulungu. R1123, ile maarufu yenye risasi, huishia na 3, kwa hiyo ni ya mfupa.

## Hatari ya kughushiwa

Kwa Schrade na Camillus, hatari kubwa ni ile iliyonipata mimi: kisu halali, chenye jina halali, kutoka kiwanda kingine na zama nyingine, kikiuzwa kwa ukimya. Hakuna aliyeghushi chochote. Dawa yake ni kuomba picha ya shina la kila bapa, si la kwanza tu, na kutokubali jibu la kwamba muuzaji hana muda. Kwa Schrade kuna jambo la pili, nalo ni visu vilivyoungwa kutokana na sehemu zilizobaki kiwandani baada ya kufungwa. Sehemu ni za kweli, lakini mkono ulioziunga si wa Ellenville. Dalili zake ni ribiti zisizolingana na mpini, au mpini wa Uncle Henry uliokaa na mabapa yasiyo ya safu hiyo.

Visu vya kijeshi vya Camillus havighushiwi mara kwa mara kwa sababu ya bei yake ndogo. Asiyekuwa na fedha nyingi hulala salama.

Case hughushiwa kwa njia za ufundi. Nukta zinaweza kufutwa ili kisu cha miaka ya 1970 kionekane cha 1965, na mhuri wa zamani unaweza kupigwa juu ya shina lisilo na jina. Njia yangu ni kuangalia kama shina lina rangi moja na bapa. Shina lililosuguliwa hung'aa tofauti, na huwa jembamba kidogo kuliko shina la bapa la pili la kisu hichohicho. Ukikiweka kisu juu ya kioo bapa na kukitazama kwa ubavu, tofauti hiyo huonekana bila kipimo chochote.

Remington ya risasi ndiyo inayoghushiwa kwa bidii kubwa kuliko zote, kwa kuwa ngao ya risasi inaweza kupachikwa kwenye kisu cha kawaida na bei ikapanda mara kadhaa. Kisha kuna jambo linalowachanganya hata wakongwe: kuanzia mwaka 1982 Remington ilirudisha visu vya risasi, R1123 ikiwa ya kwanza, na aliyevitengeneza alikuwa Camillus. Hivyo si bandia. Ni visu vizuri vya Marekani ambavyo navyo vimeachwa kutengenezwa, na kwa maoni yangu ndivyo mlango bora wa kuingilia kwa anayelipenda umbo hilo lakini hana fedha za kisu cha miaka ya 1920. Tatizo huja pale kisu cha 1982 kinapochakazwa kwa makusudi, kikatiwa kutu na kuuzwa kama cha babu.

## Feleji na mpini

Old Timer zilitumia feleji ya kaboni ya 1095, yenye takriban asilimia 0.95 ya kaboni. Hunolewa upesi kwenye kinoo cha kawaida na hupata makali ya kunyolea, lakini hushika kutu ukiiacha na maji. Mpini wake ni plastiki ngumu ya Delrin, isiyonyonya unyevu wala kupasuka kirahisi. Uncle Henry zilikuwa na feleji isiyoshika kutu na mpini wa plastiki ulioigizwa pembe ya kulungu. Camillus za kijeshi za chuma kitupu hazishiki kutu kirahisi, hazina mpini wa kupasuka, na zinaweza kuoshwa kama kijiko. Case zilitoka kwa feleji ya aina zote mbili, na mfupa wake, uliochongwa na kutiwa rangi, ndio uzuri wake mkubwa na udhaifu wake pia: nyufa ndogo huanzia kwenye ribiti na kwenda pembeni, na hewa inayobadilika kutoka ukavu kwenda unyevu huziharakisha.

Remington na visu vingine vya kabla ya mwaka 1940 vina hatari ambayo niliijua kwa kuchelewa. Niliweka kisu chenye mpini wa seluloidi ya rangi ya asali katika boksi moja la bati pamoja na visu vitatu vya mfupa, nikafunga kifuniko, nikaenda safari ya miezi mitano. Niliporudi, harufu kali kama ya siki ilinipiga usoni. Kisu cha seluloidi chenyewe kilikuwa kimeanza kulainika pembeni, na mabapa ya vile vitatu vingine yalikuwa na kutu ya rangi ya chungwa upande mmoja tu, ule ulioelekea kwake. Seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wa tindikali, na katika boksi lililofungwa mvuke huo hauna pa kwenda ila juu ya feleji ya jirani. Kisu cha seluloidi kikae peke yake, mahali penye hewa, na kikaguliwe kila mwezi.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam, hewa ya chumvi inageuza kigezo hiki kuwa cha kwanza. Feleji ya kaboni iliyokaa salama miaka 40 katika droo huko Colorado inaweza kupata madoa wiki mbili baada ya kufika pwani. Tone la mafuta ya madini kwenye kila kiungo, kitambaa chenye mafuta juu ya bapa, na kisu kisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi, maana dawa za kusindikia ngozi huchafua shaba na kuipa ukungu wa kijani. Rangi ya kijivu iliyoiva juu ya bapa la kaboni si uchafu. Asiisugue mtu kwa msasa, kwa kuwa akiitoa ameondoa nusu ya thamani ya kisu.

Neno moja kuhusu mipini myeupe. Schrade ilitengeneza visu vyenye michoro ya wanyama na meli juu ya mpini mweupe ulioigizwa pembe za ndovu, nao ni plastiki. Lakini visu vingine vya zamani vina pembe za kweli, na biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilizuiwa na mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 1989. Anayeagiza kisu kuja Kenya au Tanzania akiepuke kabisa kisu cha namna hiyo, hata akihakikishiwa umri wake.

## Kutumia au kutazama

Old Timer ilizaliwa kufanya kazi, na ninaamini huumia zaidi ikikaa kabatini. Fungua 34OT na utaona mabapa matatu yenye kazi tatu. La kwanza limechongoka kwa kazi za kila siku. La pili lina ukingo ulionyooka na ncha iliyoshuka kama kwato la kondoo, kwa kukata juu ya ubao bila kutoboa. La tatu lina ncha ya mviringo na asili yake ni kuhasia wanyama, maana umbo hili lilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji wa ng'ombe, na Mmasai au Mnyankole atalielewa kabla ya kuelezwa. Kisu kilichochakaa nusu cha aina hii ni bora kwa matumizi kuliko kipya cha bei hiyohiyo.

Camillus ya kijeshi pia hutumika bila majuto. Case za miaka ya 1970 na 1980 zinaweza kutumika kwa uangalifu, lakini kisu ambacho hakijawahi kunolewa hata mara moja kipoteze heshima hiyo kwa sababu nzuri tu. Remington za Bridgeport nisingezitumia. Kila unapoinoa unaondoa chuma kisichorudi, na bapa lililokonda hupunguza bei kuliko mpini uliopasuka.

Hilo la bapa kukonda ndilo jambo la kwanza ninaloangalia kwa kisu chochote cha majina haya. Kisu kikiwa kimefungwa, ncha ya bapa inapaswa kuzama mpinini; ikichungulia juu, bapa limenolewa sana au ncha ilivunjika ikachongwa upya. Kisha nakifungua taratibu, nikisikiliza springi. Kisu kizima hujibu kwa mlio mkavu kinapofika mwisho, na bapa halitikisiki ukilisukuma kwa dole gumba. Mwisho nakiinua kwenye mwanga: mwanga ukipenya kati ya springi na mabati ya pembeni, kisu kimechoka au kimewahi kufunguliwa.

Wanaoishi Uingereza waongeze swali la sheria, kwani kubeba hadharani bila sababu maalumu kunaruhusiwa kwa kisu cha kukunja kisicho na kufuli na chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. 34OT imo ndani ya mpaka huo. Kisu kirefu cha mtega wanyama kwa kawaida hakimo. Na popote ulipo, kisu hakiingii ndani ya ndege mkononi: kiende katika mzigo unaokabidhiwa.

## Kulingana na hali yako

Ikiwa una fedha kidogo na unataka kujifunza kwa kushika, nunua Old Timer tatu au nne zilizotumika, zote zenye U.S.A. kwenye shina, badala ya kisu kimoja kizuri cha jina kubwa. Utajifunza springi, ribiti na unoaji kwa makosa yasiyoumiza.

Ikiwa unaishi pwani, au huna muda wa kupaka mafuta kila mara, anza na Camillus za chuma kitupu, ukizipanga kwa miaka iliyopigwa kwenye shina. Safu ya miaka kumi mfululizo ni lengo linalofikika, na inapendeza macho. Uncle Henry za feleji isiyoshika kutu ndizo chaguo la pili.

Ikiwa unapenda utaratibu, namba na kuhakikisha mwenyewe bila kumtegemea muuzaji, Case za nukta ziliumbwa kwa ajili yako. Chagua umbo moja, kwa mfano 6254, ufuatilie nukta kumi hadi moja. Usianze na mihuri ya kabla ya mwaka 1965 mpaka uwe umeshika visu vingi vya baada yake.

Ikiwa ni historia ya kabla ya vita inayokuvuta, na una fedha na subira, Remington inakufaa, lakini kisu chako cha kwanza kiwe R1123 ya mwaka 1982, ili mkono ujue umbo na uzito wake. Cha Bridgeport kinunuliwe kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa kisu, na baada ya mtu wa pili mwenye uzoefu kukitazama shina.

Ikiwa unatafuta zawadi ya kumbukumbu ya mwaka fulani, tuseme mwaka aliozaliwa baba yako au mwaka wa ndoa, ni Case ya kuanzia 1970 hadi 1989 au Camillus ya jeshi pekee zitakazokupa mwaka huo bila kubahatisha. Na ikiwa umerithi kisu na hujui ni cha jina gani, usikisugue wala kukinoa kwanza: kipanguse kwa kitambaa kikavu, ulimulike shina la kila bapa kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, na upige picha maandishi yatakapojitokeza.